Kiriba cha Kufuli Tatu

Walio mbele wasogee, walio nyuma watege sikio. Hadithi hii niliyokuja nayo haina mkia. Mkia mtaufunga nyinyi, maana mimi umenishinda.

Huko Korogwe walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake, na kila mmoja na jicho la pembeni.

Wa kwanza ni Bi Mwanaidi, mwenye kitalu cha miche ya mikorosho kando ya mto. Huyu alijua wanga. Muhogo ukipita mikononi mwake ulitoa wanga mweupe pe, na wanga ule akiupika na maji, siki na gilisrini ya duka la dawa, ulivutika kama plastiki.

Wa pili ni Mzee Mnkondo, aliyezeekea kwenye korona, ile mashine inayokamua jani la mkonge zikabaki singa. Singa za Mnkondo zikichanganywa na wanga, wanga ulishikana usichanike. Alizijua kwa vidole tu, macho kafumba.

Wa tatu ni Kihiyo, fundi wa vyuma, mtu wa maneno machache na kuguna kwingi. Alitengeneza kalibu ya kukandamiza. Mchanganyiko wa wale wawili ukiingia, ukapashwa moto na kubanwa, hutoka kiriba cha kuoteshea mche.

Mtauliza, viriba vya plastiki vimekwisha? Havijakwisha, na ndiyo taabu yenyewe. Mche wa mkorosho hautaki mzizi wake uchokozwe. Ukichana plastiki, mzizi unatikisika na mche unanuna. Usipoichana, unakufa. Na plastiki ikitupwa shambani, wajukuu wataikuta. Hawa watatu walitaka kiriba cha kuzikwa pamoja na mche, kioze chenyewe, mzizi upite.

Bi Sikudhani, meneja wa shamba la mkonge, alisikia habari zao akatoa neno. "Atakayeniletea kiriba kinachostahimili kumwagiliwa miezi miwili, kisha kikaoza ardhini, nitampa lile godauni la zamani, na uwanja wake, na bomba lake. Ila hati ina jina moja."

Bi Mwanaidi hakulala vizuri tangu siku hiyo. Masika yaliyopita mto ulibeba safu mbili za miche yake, na masika yajayo ungebeba zilizobaki. Pa kuhamia hana. Uwanja wa godauni uko juu, maji hayafiki. Aliutaka mpaka roho ikamuuma.

Viriba vya kwanza viliyeyuka siku ya tatu ya kumwagiliwa. Vya pili vilifika siku ya tano, navyo vikawa uji. Ndipo kila mmoja akaanza kumtazama mwenzake.

Bi Mwanaidi alimwona Kihiyo akiikodolea macho sufuria yake kila alipopima gilisrini. Fundi wa vyuma na sufuria ya wanga, wapi na wapi? Kisha akampita Mzee Mnkondo kwenye geti la shamba, anaongea na karani wa Bi Sikudhani, akamsikia kwa masikio yake akisema, "Kiriba changu kitafika tu." Hakusema chetu.

Kesho yake alikuja kwenye banda lao la kazi na kufuli. "Naona vibaka wamezidi," akasema, akaifunga mlangoni.

Mzee Mnkondo akacheka kidogo. "Kweli, mwanangu. Wamezidi." Jioni akaleta yake.

Kihiyo akaguna, akaongeza ya tatu, kubwa kuliko zote. Tangu hapo mlango haukufunguka mpaka wafike watatu, na wakaweka sharti jingine. Kila mtu aje na kazi yake tayari kutoka kwake, na pasiwe na kuchungulia ya mwenzio. Waliiita heshima. Mimi naiita kwa jina lake, lakini tuendelee.

Ilipofika zamu ya viriba vya tatu, Bi Mwanaidi alikaa mbele ya jiko lake akafikiri. Wakishajua kipimo changu, wataniacha kwenye mataa. Basi akatia gilisrini nusu. Viriba vikipasuka, alijiambia, watakuja kunibembeleza, nami nitasema, tuandike kwanza jina langu.

Walikutana, wakafungua kufuli tatu, wakafanya kazi kimyakimya. Kila mmoja alikuwa na adabu ya ajabu siku hiyo. Hilo pekee lingetosha kumshtua Bi Mwanaidi, kama naye asingekuwa na adabu hiyohiyo.

Viriba vilitoka. Vikajazwa udongo, vikapandwa korosho, vikamwagiliwa. Siku ya tano ikapita, wiki ya tano ikapita, miezi miwili ikatimia, vipo. Ikapandwa miche kumi shambani pamoja na viriba vyake, na mvua zilipokwisha Bi Sikudhani akafukua mmoja. Kiriba kilikuwa kimebaki vipande laini vya rangi ya udongo, na mizizi imepita katikati.

Bi Mwanaidi alifurahi na kuaibika kwa wakati mmoja. Alidhani ubaya wake umeshindwa na ustadi wa wenzake. Hakujua kwamba na wenzake walikuwa wanadhani vivyo hivyo.

"Nani mwenye kiriba hiki?" Bi Sikudhani akauliza.

"Mimi," wakajibu watatu kwa mpigo.

Meneja akatazama zile kufuli mlangoni, akatazama nyuso zao. "Haya. Nitengenezeeni vingine mbele yangu, kila mmoja aweke wazi alichonacho."

Mbele ya meneja nani ataharibu? Bi Mwanaidi akatia gilisrini kipimo kamili. Mzee Mnkondo akatoa singa ndefu zinazong'aa. Kihiyo akapasha kalibu kwa moto wa siku zote. Kazi ikafanyika safi kuliko siku yoyote. Viriba vikatumbukizwa kwenye ndoo ya maji, na kufika alasiri vimelegea, kesho yake vikawa uji.

Bi Mwanaidi alimwona Mzee Mnkondo akilamba midomo kama mtu anayetaka kusema. Akamtangulia.

"Vile vilivyofaulu nilitia gilisrini nusu," akasema. "Nilitaka vipasuke. Niliogopa mtaniacha."

Mzee Mnkondo akashusha pumzi. "Basi na mimi niseme. Singa nzuri niliziacha nyumbani. Niliwaletea makapi ya chini ya korona, nimeyasaga yakawa vumbi. Nilisema, wakikosa watanirudia."

Wakamgeukia fundi. Kihiyo akaguna mara mbili kabla ya kufungua kinywa. "Nilizidisha moto, nikabana mara mbili ya kawaida. Nilitaka viungue."

Bi Sikudhani alicheka mpaka akaketi kwenye gunia. Kisha akaacha kucheka, akatoa hati na kalamu. "Godauni ni moja. Semeni niandike nani."

Hapo ndipo mimi ninapokwama. Bila gilisrini pungufu ya Bi Mwanaidi, kiriba kingenywa maji. Bila vumbi la Mnkondo, kisingeshikana. Bila moto wa Kihiyo, kisingekomaa. Na hakuna hata mmoja aliyekusudia kheri. Wapo wasemao apewe Bi Mwanaidi, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kusema kweli, na mto unamngoja. Lakini alisema kweli kwa moyo safi, au kwa sababu aliiona midomo ya Mzee Mnkondo? Nilimuuliza mwenyewe. Alinitazama, akajibu, "Sijui." Kati ya yote niliyosikia siku ile, hilo peke yake ndilo nililoamini.

Mawingu ya masika yameshaanza kukusanyika, na hati ingali na nafasi tupu. Haya, wewe uliyekaa kimya muda wote huu, kalamu ungeishika ungeandika jina la nani? Na ukishaandika, zile kufuli tatu ungezitoa mlangoni, au ungeongeza ya nne?