Sufuria Iliyokataliwa Mlangoni

Ndugu zangu, msidhani Wahindi wote ni kitu kimoja. Nao wana makabila yao, na wanaitana kwa vyakula kama sisi tu. Kulikuwa na mama mmoja Mgujarati, tangu azaliwe hajala nyama wala samaki. Mlango wa pili, ghorofa ileile, aliishi mjane Mbengali. Na Wabengali, Wahindi wenzao huwaitaje? Wala-samaki! Miaka kumi na moja yule mama hakumwita jirani yake jina lingine. Sahani ya mjane ikiletwa, haivuki kizingiti.

"Inanuka samaki," anasema, pua kaikunja.

Siku moja mama mkwe wake akaugua. Siku ya tatu, kila apewacho anatapika, na daktari kasema asipokula watampoteza. Bibi wa watu akanong'ona, "Nataka wali laini wa choroko. Ule wa jirani. Harufu yake naisikia kila siku."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Roho ilimuuma, lakini mkwe ni mkwe. Akachukua sufuria yake mwenyewe, akaisugua ikang'aa, akaenda kupiga hodi.

"Dada, nisaidie, mama kazidiwa. Ila nipikie humu. Vyombo vyako... unanielewa."

Mjane akaitazama ile sufuria. "Imewahi kupikiwa vitunguu?"

"Kila siku."

"Basi haiingii jikoni kwangu. Tangu mume wangu afe, kabla sijahamia hapa, sijagusa samaki, wala kitunguu. Ndiyo desturi ya wajane wa kwetu. Mama nitampikia kwa sufuria yangu."

Salaale! Yule mama alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Miaka yote hii, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniita jina tu."

Bibi alikula bakuli zima, na tumbo likatulia. Akafumbua macho, akasema, "Mungu ambariki huyo mwanamke. Anaitwa nani?"

 Yule mama jina halijui.

Mnacheka? Haya, chekeni. Na sisi je? Huyu mla senene, yule mla panya, yule wa kule mla mbwa. Tumekaa nao ukuta kwa ukuta, wametuzikia watu wetu. Wewe mla panya wako anaitwa nani? Humjui! Basi leo ukitoka hapa usiingie kwako kwanza. Gonga mlango wa pili, umuulize.