Bi Nguchiro na Fungu Lililohama

Paukwa, wa karibu na wa mbali, paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sogeeni. Wakubwa, wapisheni wadogo wakae mbele. Na nyinyi wadogo, msilale kabla mashua haijafika.

Hapo kale, kale hasa, wanyama walipokuwa na makasia yao, palikuwa na kisiwa. Kisiwa chenyewe kidogo, ukipiga chafya upande huu unaambiwa afya upande ule. Kwa udogo wake kiliitwa Kijamvi.

Kijamvi alikaa Bi Nguchiro na wanawe. Alikaa Ngiri, mwenye meno yaliyopinda na mabega mapana. Alikaa Pimbi na binti yake mmoja tu, Kibibi. Alikaa Kanga, yule ndege wa madoadoa, na vifaranga wake. Alikaa Kobe pia, peke yake, na haraka hana. Wote hao walikunywa maji ya kisima kimoja.

Mwaka huo mvua haikuja. Kisima kikashuka, kikashuka, kikashuka. Asubuhi moja Bi Nguchiro akatia ndoo, ikagonga chini, ko! Akayaonja maji yaliyopanda nayo. Yalikuwa ya chumvi. Akamwaga, akateka tena, akaonja tena. Chumvi. Bahari ilikuwa imeingia kisimani.

Ng'ambo palikuwa na bara, na bara lilikuwa na mto wa maji matamu. Ukisimama Kijamvi, mdomo wa mto unauona kwa macho yako, na miti yake ya kijani. Si mbali. Lakini baina ya Kijamvi na bara yalilala mafungu ya mchanga. Maji yakijaa, mafungu hujificha, ukadhani bahari ni tupu. Maji yakipwa, hutoa migongo yao nje kama viboko.

Wanyama walikuwa na mashua moja. Wakakutana. Ngiri akashauri waondoke maji yakiwa yamejaa kabisa, kwani wakati huo mafungu yote yamezama na mashua itapita juu yake. Neno lake lilikuwa zuri. Bi Nguchiro naye aliliona zuri. Akawabeba wanawe, akapanda.

Wakangoja maji yajae. Yakajaa, yakajaa, yakafunika mizizi ya mikoko. Ngiri akashika makasia. Piga, vuta. Piga, vuta. Mashua ikaenda vizuri, na Kanga akaanza kuwaimbia vifaranga.

Kumbe maji yaliyokwisha kujaa hayana jingine ila kurudi. Hawajafika katikati, yakaanza kupwa. Mashua ikasema kwaruu! Ikakaa. Ngiri akashuka akasukuma. Kila akisukuma, maji yamepungua. Akasukuma tena, yamepungua tena. Wakapwelewa, wamekwama mchangani.

Mchana kutwa walikaa juu ya fungu, jua la utosi, kivuli hakuna. Mtungi wa maji matamu ya akiba waliouchukua ukabaki nusu. Kibibi akatapika, akalia, kisha akanyamaza, na kule kunyamaza kulimtisha mama yake kuliko kilio. Maji yaliporudi kuwainua, jua lilikuwa linazama. Mafungu ya mbele hayaonekani tena, na Kijamvi kilikuwa karibu kuliko bara. Wakarudi.

Hakuna aliyemlaumu Ngiri. Yeye mwenyewe alijitenga, akasema usukani hataushika tena. Ikaulizwa, nani basi? Wote wakamgeukia Bi Nguchiro, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa hajasema neno.

Maisha yake yote hakuwahi kuongoza chombo. Alitaka kukataa. Lakini Pimbi alikuwa amekaa mbele yake, Kibibi amelala mapajani, midomo ya mtoto imekauka kama ganda la muhogo. Bi Nguchiro akasema atajaribu.

Kesho yake maji yalipopwa, akashuka kuyatembelea mafungu kwa miguu. Akakanyaga hapa, pagumu. Akakanyaga pale, akazama mpaka goti. Akaona mahali maji yalipobaki yakipita katikati ya mchanga, yamejipinda kama mkia wake mwenyewe. Akajua hiyo ndiyo njia ya mashua. Akachomeka vijiti vya mkoko kando yake, kijiti baada ya kijiti, na moyo ukaanza kumtulia.

Mwisho wa njia ile akamkuta Korongo amesimama kwa mguu mmoja, anavua. Wakaamkiana. Bi Nguchiro akamwomba amhakikishie kama hiyo ndiyo njia.

"Ya jana niliijua," Korongo akasema. "Ya leo hiyo unaiona. Ya kesho usiniulize, Bi Nguchiro. Mchanga hauna kwao."

Bi Nguchiro akarudi kichwa chini. Kumbe kazi yote ile ni ya bure? Akatembea. Akafikiri. Kama mchanga unahama, basi hata akichomeka vijiti mpaka bara, siku ya safari atapanda fungu tu, akwame. Akasimama ghafla. Akajiambia: sawa, nitapanda fungu. Je, nikilipanda, nataka maji yawe yanakwenda wapi?

Akafika nyumbani, akawaita wote.

"Tutapanda fungu," akawaambia.

Wakatazamana.

"Sijui lipi, lakini tutapanda. Basi na tulipande maji yakiwa yanakuja. Yanayokwenda yatatuacha. Yanayokuja yatatuinua."

Ngiri, kwa upole, akauliza itakuwaje, maana maji yakianza tu kuja huwa haba, na kila fungu liko wazi. Bi Nguchiro akakubali kuwa hilo hakuliwaza. Wakashauriana wao wawili, wakaona waondoke maji yakifika nusu: yatoshe kuwabeba, na yabakie mengine ya kuja kuwaokoa. Kanga naye akataka kujua, je, nahodha akikosea?

"Nitakosea," Bi Nguchiro akasema. "Mpango huu umepangwa kwa ajili hiyo."

Wakajitayarisha. Wakasuka makuti ya kivuli, wakayafunga juu ya mashua. Ngiri akakata upondo, mti mrefu na imara wa kusukumia mashua. Mtungi ukafungwa mdomo, funda moja moja kwa watoto tu. Na Kobe akaambiwa aanze safari ya kwenda pwani saa hiyo hiyo, ili kesho asingojewe.

Asubuhi ikafika. Mashua imekaa kwenye matope, na wote wamo ndani. Maji yakaanza kuja. Shwaa. Yakagusa ubao. Shwaa. Kanga akasema twende. Bi Nguchiro akasema bado. Mashua ikaanza kuelea. Bado. Kibibi alikuwa anapumua juu juu, kama kifaranga aliyenyeshewa.

"Bi Nguchiro," Pimbi akasema. "Mwanangu huyu."

"Namwona, ndugu yangu. Bado."

Aliwatazama wanawe mwenyewe, akatazama maji, akatazama kijiti chake cha kwanza. Maji yakapanda, yakapanda, yakafika nusu ya kijiti.

Akasema, "Haya."

Piga, vuta. Piga, vuta. Wakapita kijiti cha kwanza. Wakapita cha pili. Wakafuata ule mkunjo, wakaacha nyuma fungu lililowakwamisha siku ile. Vijiti vikafuatana. Kisha mahali palipokuwa na kina jana, mahali alipopima kwa mguu wake mwenyewe, mashua ikasema kwaruu!

Ikakaa.

Fungu lilikuwa limehama.

Kanga akapiga kelele, vifaranga wakapiga kelele. Pimbi akamfunika Kibibi uso kwa mikono. Moyo wa Bi Nguchiro ukaenda ndu, ndu, ndu. Kupanga kule nyumbani kulikuwa rahisi, na sasa mchanga uko chini ya mashua. Akajiuliza: kama nimekosea hata wakati? Kama maji yamekwisha kugeuka?

Unyoya wa Kanga ukadondoka majini. Bi Nguchiro akaukazia macho. Unyoya ukazunguka, ukazunguka, kisha ukashika njia polepole kwenda bara.

Maji yalikuwa bado yanakuja.

Akawaambia watulie, asishuke mtu. Lakini mkondo ulikuwa unaisukuma tezi, ile sehemu ya nyuma, mashua ikaanza kugeuka ubavu, na ikigeuka ubavu maji yatailaza. Akamwita Ngiri, akamwomba aishike. Ngiri akaukita upondo mchangani, akauegemea kwa kifua, kwa mabega, kwa meno yake yaliyopinda. Hakuuachia.

Maji yakapanda upondoni. Yakapanda. Yakapanda.

Mashua ikatikisika. Ikatulia. Ikatikisika tena. Halafu, bila sauti, ikaelea.

Hakuna aliyeshangilia, pumzi zilikuwa hazijawarudia. Piga, vuta. Mbele kidogo wakapanda fungu jingine, kwaruu! Safari hii Kanga hakupiga kelele. Alitazama maji kando ya ubao, akawaonyesha vifaranga jinsi yanavyopanda. Kobe alikuwa amelala usingizi. Wakangoja, wakainuliwa, wakaenda.

Maji yale yale yakawaingiza kwenye mdomo wa mto, yakawapandisha juu, wakaipita mikoko, wakafika penye matete. Pimbi akachota kwa kiganja, akaonja. Akafumba macho. Kisha akachota tena, akamtilia Kibibi mdomoni, tone kwa tone. Mtoto akameza. Akakohoa. Akafumbua macho, akamtazama mama yake, akaomba mengine.

Ngiri alikuwa bado amekaa omo, mbele ya mashua, upondo mapajani, mikono imechubuka. Akamuuliza Bi Nguchiro alijuaje kwamba mashua ingeinuka.

"Sikujua," Bi Nguchiro akasema. "Nilijua tu kwamba ikikwama, sisi na maji tutakuwa tunaelekea upande mmoja. Na kama usingeishika, tungezama tunaelekea upande huo huo."

Ngiri akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu siku ile ya kupwelewa. Wakashuka pamoja, wakaanza kuwapokea watoto mmoja mmoja mpaka ukingoni.

Basi, wenzangu, wakubwa kwa wadogo, mafunzo ni haya. Usipange safari kana kwamba hutakosea. Mchanga huhama, na aliye bora pia hukwama. Panga ili ukikosea, kosa likukute mahali unapoweza kuinuka. Na ukishakwama, kaa na wenzako, mshikilie chombo, maji yawakute.

Hadithi yangu imetia nanga hapo. Aliyeisikia na aichukue, aliyesinzia na aulize jirani.