Utando wa Kibuyu

Tegeni masikio, wenzangu, nami nilegeze ulimi. Palikuwa na mjane, Mwanatumu. Marimba ya marehemu mumewe, yenye kibuyu cha kuvumisha sauti chini ya kila kibao, ilikuwa na kibao kimoja ambacho, kikipigwa, kilimwita kwa sauti ya marehemu. Siku alipoisafisha, kibao kile kikawa bubu. Limekwenda wapi jina langu? akajiuliza. Akakaza kamba, kimya. Akapaka nta, kimya. Akachonga mbao, kimya.

"Ewe mama wa ufagio!" Buibui akamcheka kutoka ukutani. "Umefuta utando wangu kwenye tundu la kibuyu cha chini ya kibao hicho. Ndio uliokuwa ukisema."

"Nilidhani uchafu, bwana. Nisaidie, kwa ajili ya Mungu."

Buibui akafuma mwingine. Mwanatumu akapiga taratibu.

"Mwanatumuuu!"

"Labeka, mume wangu."

Nami nikawarudishia mlango, nikawaacha wazungumze.