Kigae cha Namba Saba

Paukwa!

Pakawa!

Wenye wivu wakae karibu na moto, niwaone nyuso.

Hapo zamani za kale, Mfalme Kiini alikuwa na wafanyakazi wengi hata majina yakagongana: kina Kwale watano, kina Sungura kumi. Basi Bibi Nungu akawekwa mlangoni. Kila aingiaye kazini alimchongea namba kwa mwiba wake kwenye kigae cha chungu, akaitwa kwa namba hiyo tu. Akiacha kazi, kigae chake kilitundikwa juu ya moshi, na namba ile hakupewa mtu mpaka msimu upite.

Kanu, mfagiaji wa ghala, alikuwa mia na arobaini. Kwale mmoja, mpepeta mtama, alikuwa saba. Kila Konokono, mjumbe wa mfalme, alipofika, neno lilikuwa lile lile. Saba apewe asali. Saba apewe asali. Saba apewe asali. Kanu alifagia huku roho inamuuma, hata chakula hakishuki. Aliamini asali inafuata namba, haimfuati Kwale.

Siku moja Kwale akaondoka alfajiri, hakuaga mtu; kigae chake alikiacha mlangoni, Bibi Nungu akakitundika moshini. Kanu mbio kwa Bibi Nungu, akaiomba saba. Akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa. Akaomba mara ya tatu.

"Mjukuu wangu," Bibi Nungu akasema, "Konokono ana mwendo wake. Huenda yuko njiani na neno la saba wa jana. Acha kigae kikae moshini."

Sikio la kufa halisikii dawa. Bibi alipoinama kuchochea moto, Kanu akakitungua kigae cha saba, akakivaa shingoni. Chake akakitupa motoni, kikapasuka.

Adhuhuri Konokono akafika. Kanu akasimama mbele, ameshalamba midomo.

"Saba ameiba mbegu za mfalme," Konokono akasema. "Afukuzwe, asirudi."

"Mimi si Kwale," Kanu akalia. "Nitazameni, mimi ni Kanu."

"Hapa hatutazami uso," walinzi wakamjibu. "Tunatazama kigae."

Wakamnyang'anya kigae, wakamburura hadi nje ya lango.

Konokono alikuwa na neno la pili. Mfalme ameliona ghala linavyong'aa: mia na arobaini apewe mzinga mzima wa asali. Wakaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kanu akaitika kutoka nje mpaka sauti ikamkauka. Walinzi wakamwambia aonyeshe kigae.

Hadithi yangu nimeitua hapo; kila mmoja aondoke na chake.