Kipande cha Mkia

Mama mmoja alikuwa na mwana rubani, na hukukaa na mama huyo kitambo bila kuambiwa hivyo. Jina lake Veronika. Mwanawe, Leonidas, alileta dawa kijijini kwa ndege ndogo, na kila ilipotua mama alitembea kifua mbele. Siku moja ndege hiyo ilianguka karibu na kiwanja, na Leonidas akafa. Maneno yakaenea upesi: kijana alishuka chini mno, akitaka kujionyesha juu ya paa la mama yake.

Wanakijiji walifanya kama wafanyavyo penye msiba. Walisafisha. Veronika mwenyewe alishika ufagio, wenzake wakaokota vipande vya ndege na kuvilundika pembeni, wageni wasije wakakuta uchafu mahali alipofia mtoto wao.

Mchunguzi wa ajali alipouona uwanja uliofagiwa, alishika kichwa. Akawaeleza kwa upole kwamba kila kipande husema kwa mahali kilipoangukia, na wao walikuwa wamevinyamazisha vyote. Veronika moyo ulimchoma. Alikuwa amefuta kwa mkono wake ushahidi wa mwanawe. Lakini hakuwa mtu wa kukaa akilia. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba kila mmoja arudishe alichookota pale pale alipokiokotea. Wakaja, wakubwa kwa wadogo, wakavirudisha.

Kilikosekana kipande cha mkia. Jirani yake Kalolo alikuwa amekifanya mlango wa banda la kuku, na aliogopa kuitwa mwizi wa vitu vya marehemu. Alipomwona Veronika akipita tena, miguu imejaa vumbi, alishindwa kuvumilia. Aliking'oa, akakibeba kichwani mbele ya watu wote.

"Hiki hakikuanguka hapa," alisema. "Nilikikuta ng'ambo ya kilima, kwenye mihogo yangu."

Mchunguzi alikwenda kupaona, akakikagua kipande chenyewe, kisha akawaambia watu kwamba mkia ulikatika angani, kabla ndege haijavuka kilima na paa la Veronika kuonekana. Leonidas hakuwa amejionyesha kwa mtu. Mama yake alimshukuru Kalolo, akajifunga khanga upya, akapita katikati ya vile vipande kifua mbele kama zamani, na hakuna aliyethubutu kumwita mwenye majivuno.

Nawe, kipande ulichookota pale mwenzako alipoanguka, umekifanya mlango wa banda gani?