Kuku Kishingo na Mbwa Aliyekataa Kutembezwa

Nyie mliobanana jikoni, mpo?

— Tupo!

Niseme kweli au niongope?

— Ongopa vizuri, tutakusadiki!

Basi vuteni miguu ndani, mlango ufungwe, maana hadithi yenyewe ni ya baridi.

Hapo kale, kwenye milima ya Njombe, ambako kipupwe kikiingia watu huamka wakakuta sakitu, umande ulioganda, imetanda nyeupe juu ya majani ya viazi, aliishi Kuku mmoja. Alikuwa wa aina ya kishingo, shingo yake haina unyoya hata mmoja, na jina lake likawa hilohilo, Kishingo. Hebu fikirini: baridi ya Njombe, na shingo iko wazi. Mwaka huo alikuwa anaatamia mayai tisa ndani ya tenga bovu, nje, chini ya upenu. Upepo uliingia huku ukatokea kule. Kishingo alijua kabisa kwamba mayai yale yakikaa pale wiki moja zaidi, hatapata kifaranga hata wa dawa.

Na jikoni je? Jikoni kulikuwa na moto. Na mbele ya moto kulikuwa na Jabali.

Jabali alikuwa mbwa wa Mzee Luvanda, mwenye nyumba. Alikuwa mkubwa, mnene, na mlafi. Alijinyoosha kichwa kwenye figa la kwanza, mkia kwenye figa la tatu, na hakuna aliyepata pa kuweka hata ukucha. Alikula chakula chake, halafu akala na pumba za kuku.

Kishingo alimtazama kutoka kwenye tenga lake. Akimwona Jabali anapiga miayo, wivu. Akimwona Jabali anajigeuza apashe na upande wa pili, wivu. Akimsikia anakoroma, khoro, khoro, wivu ndiyo kabisa. Si kwamba alimtakia baridi. Haya, alimtakia. Lakini zaidi alitaka pale mahali.

Siku moja alikwenda kumwomba kwa adabu, akamwita kaka, akamweleza habari ya mayai. Jabali akafungua jicho moja.

"Yalete, dada. Nitayatunza tumboni."

Akalifunga jicho.

Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Wakati wa kipupwe kila mwenye mbwa alimtembeza alfajiri, kuzunguka mashamba. Mbwa akilala msimu mzima viungo vinakauka, na nguruwe pori wakija kwenye viazi wanamkuta anajikuna. Mama Mhema, jirani wa pili, alipita kila asubuhi na mbwa wake Kijiti, mwembamba, mkia juu. Mzee Luvanda naye alichukua kamba kila asubuhi akasema twende. Na kila asubuhi Jabali aliinua mguu, akachechemea, wii, wii. Mzee akamwonea huruma mbwa, akajionea huruma na yeye mwenyewe, akarudi chini ya blanketi.

Kishingo akawaza. Ugonjwa wa wivu aliujua, alikuwa anaugua mwenyewe. Akaona dawa yake ni kumwambukiza mwingine. Tena alijua jambo moja kuhusu mbwa: ukimwambia neno atabisha, lakini pua yake ikimwambia, hataki shahidi.

Mzee Luvanda alikuwa na kibakuli cha mafuta ya mbuzi ya kupaka visigino vilivyopasuka kwa baridi. Kishingo akaingiza miguu yote miwili, chwaa. Akatoka, akakanyaga palepale Kijiti alipokanyaga, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kona ya ua. Kisha akarudi mlangoni akasimama kama mtu anayepita tu.

Akamwambia Jabali kwamba yeye ni kuku, mambo ya mbwa hayajui, ila anaona Kijiti anatoka na njaa na anarudi analamba midomo. Jabali akasema huo ni uongo. Kishingo akasema huenda, akanuse mwenyewe.

Jabali akajikokota mpaka njiani. Fu, fu, fu. Mbuzi! Nyayo za Kijiti, zinanuka mbuzi! Wivu ukamshika. Yule mkondefu, yule asiye na kifua, anakula mbuzi kila alfajiri, na yeye anashindia pumba?

Siku ya kwanza, Jabali alichukua kamba mwenyewe kwa meno akamtoa Mzee kitandani. Wakaenda, kwaru kwaru juu ya sakitu, mpaka kona ya ua. Fu, fu, fu. Harufu ipo, nyama haipo. Wakarudi. Huku nyuma Kishingo alikuwa amesukuma mayai mawili kwa mdomo, biringi, biringi, akayafukia kwenye majivu ya vuguvugu nyuma ya figa.

Siku ya pili, mafuta yalifika mpaka mtoni. Kwaru kwaru mpaka mtoni. Fu, fu, fu. Harufu ipo, nyama haipo. Jabali akasema Kijiti ameimaliza yote, mbwa gani yule asiyebakiza. Huku nyuma, biringi, biringi, mayai matatu.

Siku ya tatu, mafuta yalipanda mpaka kileleni. Kishingo miguu ilimuuma, shingo ilikuwa ya bluu, lakini alifika. Kwaru kwaru mpaka kileleni, Mzee anahema, Jabali anahema. Harufu ipo, nyama haipo. Na huku nyuma, biringi, biringi, mayai manne.

Jabali aliporudi alimkuta Kishingo ameketi mbele ya moto, mayai tisa chini yake.

"Hapo ni mahali pangu," akanguruma.

"Najua, kaka," akasema Kishingo. "Nakushikia. Kijiti alichungulia hapa mlangoni, akasema kama pako wazi atapachukua."

Jabali akasimama. Joto la kupanda mlima lilikuwa bado linamtoka, ulimi nje, na moto wenyewe alikuwa hauhitaji. Lakini Kijiti aote moto wake?

"Usiondoke hapo," akasema. "Hata kidogo. Nakuomba."

Akaenda kulala kizingitini.

Mayai yaliangulika yote tisa, chwi, chwi, chwi. Jabali naye, kwa kumfuata mbuzi asiyekuwepo, kiuno kilipungua na miguu ikawa myepesi. Nguruwe pori walipokuja kwenye viazi aliwafukuza mpaka ng'ambo ya mto. Kijiji kizima kikamsifu, na Mzee Luvanda akampa paja la mbuzi, la kweli, lenye mfupa.

Kishingo alikuwa na moto, na pumba zake, na watoto wake tisa. Akatazama mlangoni, akaona watu wanampapasa Jabali kichwani. Wivu ukampanda upya, mbaya kuliko ule wa kwanza.

Mzee Luvanda akaingia, akambeba Kishingo, akampima uzito mkononi.

"Huyu naye moto umemkubali," akasema. "Wageni wa Jumapili wakija, tutaanza naye."

Kesho yake alfajiri majirani walitoka wakaona ajabu. Mbele Mzee Luvanda na kamba, nyuma yake Jabali, nyuma ya Jabali Kishingo, shingo wazi kwenye sakitu, anakimbia ili akonde, na nyuma yake vifaranga tisa mmojammoja. Kwaru kwaru, tip tip, chwi chwi, mpaka kileleni. Jumapili wageni walikula maharage.

Funzo lake, wapendwa, ni kwamba wivu haumfikishi mtu popote. Kipupwe kikija kaeni jikoni mtulie, na mbwa mwacheni alale. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyoishi. Kesho mkiniona njiani na mbwa wangu kabla jua halijatoka, ni kwa sababu nimesikia wa jirani anatembezwa mara mbili.

Mimi nimemaliza kuongopa. Aliye karibu na moto achochee, asiyesadiki akalale nje.

— Tumesadiki!