Mlango wa Baraza la Faragha

Hapo zamani, asubuhi iliyokuwa bado kama asubuhi nyingine, Shekoloa alikuwa akianika maharage peke yake, kazi waliyoifanya wawili kabla mkewe hajafariki. Ndipo tarishi wa baraza akaja na habari. Ghala la mji limeungua, na jirani amemtaja yeye. Baraza la Faragha litamhoji, liamue kama ashtakiwe. Aliyepatikana na hatia ya moto alifukuzwa kutoka milimani kwao asirudi tena.

"Tafuta wakili," dada yake Mamvua alimwambia.

"Sikuchoma kitu. Wakili wa nini?"

"Wa kukufunga mdomo, kaka. Wewe ukiulizwa njia usiyoijua, unaielekeza."

Ni kweli. Kwao, kumwacha muulizaji bila jibu kulikuwa utovu wa adabu, na wasilolijua walilikisia. Mamvua akavuka mabonde, akarudi na wakili Nachiluwa.

Barazani wakili hakuruhusiwa kuingia. Nachiluwa akaketi nje, mlangoni. "Kila swali, toka uje kwangu kwanza. Usilolijua, sema hulijui. Ukikisia, kisio lako ndilo litakalokushtaki."

Shekoloa akaingia. "Nani alichoma ghala?" mwenyekiti wa baraza alimuuliza.

Akatoka, akarudi. "Sijui."

"Ulipita pale wakati gani?"

Akatoka, akarudi. "Sikumbuki."

"Basi kisia."

Ulimi ulimwasha. Akatoka, akarudi. "Sikisii."

Mwenyekiti akachoka. "Fungeni mlango. Huyu anatuchezea."

Mjumbe mmoja, Semboja, aliyemwoa binti wa mwenyekiti, akasimama kizingitini. "Baba mkwe, kutoka ni haki yake. Ukifunga, nifungie nje na mimi."

Mlango ukabaki wazi. Jua lilipopinduka, baraza likatamka: hakuna shtaka. Vigelegele vikashuka mlima hadi mtoni. Shekoloa akabebwa juu juu, na huko juu akatangaza: "Mtamba wangu, ng'ombe mchanga mwenye mimba, ni wa aliyeniokoa!"

"Mimi nilimleta wakili," alisema Mamvua. "Bila mimi ungeingia ukajimaliza kwa adabu zako."

"Kuletwa tu hakuokoi mtu," alisema Nachiluwa. "Maneno yaliyomwokoa ni yangu."

"Na mlango ungefungwa, yangemfikiaje?" aliuliza Semboja. "Nyinyi mnashangilia. Mimi mkwe wangu hapokei tena salamu yangu."

Kesho yake asubuhi Shekoloa alimfungua mtamba, akamwongoza kwa kamba hadi pale njia ya kwenda kwa dada, ya kwa wakili na ya kwa mjumbe zinapoachana, akasimama. Nanyi mnaonisikiliza, shikeni kamba hiyo mniambie: je, ni nani aliyemstahili mtamba huyo?